Kamati ya Uchunguzi na Bajeti ya Baraza

SWALI: Je, kamati ya uchunguzi ya baraza letu hapa England yaweza kuikataa bajeti?

JIBU: La. Chini ya mfumo ulioletwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2000, rasimu huandaliwa na kamati tendaji, ilhali idhini ni ya baraza zima, nalo baraza litozalo kodi halina budi kuipanga kabla ya tarehe 11 Machi. Kamati ya uchunguzi, ambamo mjumbe wa utendaji haruhusiwi kuketi, ina haki ya kuwaita wakuu, kuwasaili juu ya makisio na akiba, kisha kutoa nasaha. Nasaha hizo, kwa rai yangu, hufaa zitolewapo wakati wa vuli, hesabu ingali laini kama udongo wa mfinyanzi. Zikija Februari, husikilizwa kwa adabu tu, kura zikapigwa kama ilivyokwisha azimiwa.