Kazi ya Kuendesha Lori la Baridi

Kama unaishi Njombe au Rungwe, umeyaona malori yenye sanduku jeupe yakija kuchukua maparachichi. Mbele ya sanduku, nyuma ya kichwa cha lori, kuna mashine inayonguruma hata lori likiwa limesimama. Hilo ni lori la baridi. Huenda kijana wako ana leseni ya magari makubwa, naye anakuuliza: "Baba, niifanye kazi hii au niiache?" Kabla ya kumjibu, ijue kazi yenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba mashine ile hupoza mzigo wenye joto. Sivyo. Kazi yake ni kuutunza ubaridi ambao mzigo unao tayari. Tunda hupumua hata baada ya kuchumwa, na kupumua huko huleta joto. Kwa hiyo maparachichi hupozwa kwanza katika chumba cha baridi, ndipo yapakiwe. Tena makasha hayapangwi mpaka darini, maana upepo wa baridi lazima upite juu yake.

Hapa ndipo kusoma kunapohitajika sana. Hati ya mzigo huonyesha baridi inayotakiwa. Maparachichi hutaka kama nyuzi 5 mpaka 7. Samaki walioganda hutaka nyuzi 18 chini ya sifuri, na huandikwa hivi: -18. Tazama kile kistari kidogo mbele ya namba. Maji huganda kwenye 0. Dereva akiweka -5 badala ya 5, maparachichi yote yataganda na kuwa meusi ndani. Akikisahau kistari kwenye mzigo wa samaki, atafika na maji yanayonuka. Jasho la wakulima wa kijiji kizima linaweza kupotea kwa kistari kimoja!

Dereva mwenye akili hupima joto la mzigo kabla ya kutia sahihi. Akikuta matunda yana joto, huliandika jambo hilo kwenye hati. Asipoandika, lawama zote zitakuwa zake huko mbele, hata kama kosa lilifanyika kabla hajafika.

Kazi hii ina mazuri yake. Dereva hahangaiki na turubai na kamba mvua inaponyesha. Mizigo ni ya namna nyingi: samaki wa Mwanza, nyama, maziwa, maua, hata chanjo. Na kwa kuwa chakula hakingoji, mwenye mzigo hamtaki dereva wa kubahatisha. Dereva mwangalifu hutafutwa.

Lakini kutongoja huko ndiko kunakochosha. Lori la saruji likiharibika njiani, saruji iliyofunikwa vizuri hukaa siku mbili bila neno. Lori la baridi haliwezi. Mashine ina injini yake na tangi lake la dizeli, na dizeli ikiisha, mzigo huanza kuoza. Usiku dereva hulala kichwani mwa lori huku mashine inanguruma mgongoni mwake. Wengine huizima ili wapate usingizi, au ili waiuze dizeli. Hawajui kwamba mashine nyingi huweka kumbukumbu ya joto la kila saa. Mpokeaji huisoma, na uongo hujulikana.

Njia nayo ni ndefu. Toka Njombe mpaka Dar es Salaam ni kama kilometa 700. Mteremko wa Kitonga hutaka gia ndogo na subira. Huko Mikumi barabara hupita ndani ya hifadhi kwa kilometa 50 hivi, na anayegonga mnyama hutozwa faini. Anayebeba nyama iliyotundikwa kwenye kulabu ana taabu nyingine: nyama huyumba kwenye kona na kulivuta lori upande. Lori linaweza kupinduka kwa mwendo ambao lori jingine lingepita salama.

Jambo moja mwambie kijana wako bila kuficha. Atakutana na watu wenye fedha nyingi, watakaomwomba awafiche abiria ndani ya sanduku. Sanduku lile limezibwa ili joto lisiingie. Hewa safi nayo haiingii. Mwezi Oktoba mwaka 2019, huko Essex, Uingereza, watu 39 kutoka Vietnam walikutwa wamekufa ndani ya sanduku la lori la baridi. Walikosa hewa. Dereva alifungwa gerezani.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwenye hati imeandikwa -18. Kwenye mashine inaonekana 18. Dereva afanye nini kabla ya kuondoka?

2. Mzigo umepakiwa ukiwa na joto, na mwenye mzigo anasema, "Ondoka tu, mashine itapoza." Wewe ungemjibuje?

3. Kwa nini lori la baridi halipakiwi mpaka darini?