Mke Apigwaye: Je, Akienda Kortini Huwa Amemuasi Mumewe?

Tumeletewa suala kwa karatasi, kwa mkono wa mtoto. Mwenye kuandika asema kuwa mumewe humpiga, na mara ya mwisho alimpiga kwa mkanda mbele ya watoto. Amesikia kuwa korti yaweza kutoa amri ya kumzuia mume asimguse. Lakini mama mkwe wake amemwambia kuwa mke anayemshitaki mumewe ni nashiza, hana nafaka wala hana radhi. Ataka kujua ukweli wa maneno hayo.

Kabla ya kujibu, yatupasa tukiri kosa letu sisi wenyewe. Miaka kadha iliyopita alitujia mama mmoja na malalamiko kama haya. Tukamwambia asubiri. Tukamrudisha nyumbani kwa miguu yetu, tukanywa kahawa na mumewe, tukasoma Fatiha, tukaondoka tumeridhika na nafsi zetu. Haukupita mwezi ila alichukuliwa hospitali, taya limevunjika. Tangu siku hiyo hatulijibu suala hili kwa neno moja la "subira".

Basi jawabu ni hili: maneno ya mama mkwe si kweli. Vitabu vya Kishafii tunavyovisoma pwani yetu hii vyasema kinyume chake. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa mume akimuudhi mkewe na kumdhuru pasi na sababu, kadhi humkataza. Akirudia, humtia adabu. Na wafasiri wa kitabu hicho wamenakili kwa Imamul-Haramain kuwa hakimu akithibitisha dhulma ya mume, naye akachelea kuwa atampiga mkewe pigo la kuumiza, huwatenga wawili hao mpaka mume aaminike kuwa ataleta uadilifu. Na katika mlango wa nafaka wametaja kutoka nyumbani bila ya idhini, wakamtoa katika uasi mke aliyeikimbia nyumba inayotaka kuanguka, na aliyetoka kwenda kwa kadhi kutaka haki yake. Nyumba ambayo mume huvunja watu mifupa, twauliza, si imekwisha kuanguka?

Na Bibi Habiba binti Sahl, alipopigwa na mumewe Thabit bin Qays mpaka akavunjwa, alikwenda kumshitaki kwa Mtume (S.A.W.) asubuhi. Hakuambiwa rudi ukasubiri. Aliitwa Thabit, na ndoa ikaisha.

Sasa tutazame kanuni ya nchi. Bunge la Kenya lilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani. Sheria hiyo haikutaja kupiga peke yake. Imetia kutisha, kutukana, kumfuatafuata mtu, kumnyima njia ya maisha, kumfungia mlango wa nyumba yake, na hata kuingiliwa ndoa na wakwe (mama mkwe na alisikie hilo!). Wala haikuwahusu wake tu: mtalaka, mzazi, mtoto na mume pia waweza kuomba.

Maombi hupelekwa kwa hakimu wa korti ya kawaida, si kwa kadhi. Hapa ndipo wengi wetu wanapochanganya. Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, amepewa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu. Amri ya ulinzi haivunji nikahi wala haihukumu talaka. Yazuia mkono tu. Kwa hivyo mwanamke aweza kuipata hali angali mke wa mtu, na akitaka fasikhi au nafaka yake, mlango wa kadhi ungali wazi. Mlango mmoja haufungi wa pili.

Hakimu akiona kuwa khatari i karibu, aweza kutoa amri ya muda kabla hata mume hajaitwa. Kisha mume huitwa, naye husikilizwa. Amri yaweza kumkataza kumpiga mkewe, kumtisha, kukaribia anapokaa, au kumtuma mtu mwingine kumsumbua. Na hakimu aweza kumpa mke haki ya kukaa katika nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja, mume ndiye atoke. Mwenye kuivunja ni mkosa: adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au yote mawili. Hilo ndilo lile la Minhaj: akatazwe kwanza, akirudia atiwe adabu.

Lakini maneno matupu hayatoshi mbele ya hakimu. Aliyepigwa na aende hospitali siku ile ile, jeraha lingali bichi, wala asimwambie daktari kuwa ameanguka kwenye ngazi. Aende kituo cha polisi aandikwe, achukue nambari ya OB, na fomu ya P3 ijazwe na daktari. Aweza kutaka maelezo yake yaandikwe na askari mwanamke. Jirani aliyesikia kilio naye ana ruhusa ya kupeleka khabari polisi. Kusitiri dhulma si stara.

Wazee watasema: mbona Surat An-Nisaa yataja wasuluhishi wawili? Naam, yataja, na sisi twapenda suluhu. Lakini suluhu ni ya wawili wanaoweza kusema. Ukimkalisha mke mkekani mbele ya aliyempiga jana, atasema analotakiwa kuambiwa asubuhi ya pili. Na azuiwe mkono kwanza, kisha wazee wakae.

Mtoto aliyeleta karatasi tumempa nambari 1195, ambayo ni simu ya msaada wa ukatili kama huu. Na mama yake, ikiwa khofu yamzuia kwenda mwenyewe, sheria yamruhusu mtu mwingine kuomba kwa niaba yake. Wako mama wawili wa darsa yetu walio tayari kufuatana naye, nasi tutangoja nje ya korti. Atutumie habari kwa mtoto yule yule, siku yoyote, hata usiku.