Kosa la Akili

Kasia likitiwa nusu majini huonekana kana kwamba limevunjika. Mvuvi hulitoa, akaliona zima, limenyoka kama jana. Je, macho yamemdanganya?

Swali hilo ni la kale. Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, alilijibu katika kitabu alichokiandika mwaka 386. Wakati huo alikuwa angali mkatekumeni. Alibatizwa mwaka uliofuata. Katika ujana wake aliyafuata mafundisho ya Mani kwa miaka ipatayo 9, akidhani ni ya kweli. Alipolitambua kosa lake, karibu awaamini wale waliosema kwamba mtu hawezi kujua neno lolote kwa hakika.

Jibu lake ni hili: macho hayakukosa. Yalieleza jinsi kasia linavyoonekana tu, na ndani ya maji halina budi kuonekana hivyo, kwa kuwa mwanga hupinda utokapo majini kuingia hewani. Kosa huanza pale mtu anapokata neno, akisema, «Limevunjika,» kabla ya kulitoa.

Basi yafaa kupambanua watu watatu. Asiyejua, naye akiri kwamba hajui, hajakosa bado. Mwenye kukosa husadiki lisilo kweli, akidhani ni kweli. Mwongo aujua ukweli, lakini husema kinyume chake ili awadanganye wengine.

Kukosa si dhambi sikuzote. Lakini haraka ya kuhukumu yaweza kuleta maovu makubwa. Mtoto amekufa kwa homa. Usiku jirani amwota bibi mzee wa kijiji. Asubuhi amtaja kuwa mchawi. Hasemi uwongo: ndoto ameiota kweli. Lakini ndoto yathibitisha kwamba ameota, haithibitishi nani ameua. Kasia halijatolewa majini, na bibi amekwisha kufukuzwa nyumbani mwake.

MASWALI

1. Kosa la akili ni nini?
Ni kusadiki lisilo kweli kana kwamba ni kweli.

2. Latoka wapi?
Latoka katika hukumu ya mtu, anapokata neno kupita yale aliyoonyeshwa.

3. Asiyejua afanye nini?
Aseme, «Sijui bado,» kisha atafute. Asimhukumu mwenziwe kwa kukisia.