TREKTA NDOGO IKISAGA MENO: JINSI YA KUTAMBUA KASORO YA GIABOKSI

Mwenye shamba dogo katika pande za Dagoretti, Uthiru, Kabete au Kikuyu, akisikia trekta yake inasaga kama kinu kilichotiwa changarawe, mara nyingi huwaza neno moja tu, kwamba giaboksi imekwisha. Huifunga mnyororo na kuikokota mpaka gereji, na huko fundi humwambia, "Mzee, trekta hii hapana budi ikatwe katikati." Kukata huko si kwa msumeno. Trekta nyingi hazina chasisi kama ya lori. Injini, giaboksi na eksili ya nyuma ndizo uti wa mgongo wake. Kwa hiyo fundi hufungua bolti zote na kuitenga injini na giaboksi. Kazi hiyo ni ya siku kadhaa na fedha nyingi, na ikianza mwezi wa Machi, mvua za masika zaweza kunyesha shamba likiwa bado halijapigwa plau. Tena kelele ile ile yaweza kuwa imetoka katika fimbo ya klachi iliyolegea, ambayo hurekebishwa kwa spana mbili kabla chai haijapoa. Yafaa basi mwenye trekta ajue kupambanua mwenyewe kabla hajatoa fedha.

Kwanza iulize trekta yenyewe: kelele inakuja wakati gani? Swali hili lina faida kuliko kufungua kitu chochote. Iwashe, uiweke katika gia huru, ile ambayo makanika huiita nyutro, uvute breki ya kuegesha, na uondoe mguu katika klachi. Wakati huo shafti ya kuingiza nguvu na baadhi ya gia za ndani zinazunguka, ingawa magurudumu yamesimama. Ukisikia mkwaruzo, kisha ukakanyaga klachi mpaka chini na mkwaruzo ukanyamaza, ishara yaelekea beringi za shafti hizo. Ikiwa kinyume, yaani kimya kabla ya kukanyaga, na kelele yaanza mguu unaposhuka, mtuhumiwa ni beringi ya klachi yenyewe, wala giaboksi haina hatia. Kuibadilisha beringi hiyo kwahitaji trekta ikatwe, lakini gia huachwa mahali pake, na gharama ni mbali kabisa na ile ya kufungua giaboksi yote.

Ikiwa kelele yatokea tu unapotia gia, chunguza klachi kabla ya jambo lingine lolote. Trekta ndogo nyingi hazina kile kifaa cha magari ya barabarani kinacholinganisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana. Ukitia gia trekta ikiwa ingali inatembea, meno hugongana, na hilo si ugonjwa bali ni kosa la dereva. Lakini ikiwa trekta imesimama kabisa, umekanyaga klachi na kuhesabu mpaka tano, na bado gia inasaga, klachi haiachi. Pima uchezaji wa pedali, yaani umbali inaoshuka kabla hujahisi uzito. Kwa trekta ndogo nyingi ni kama milimita 20 hadi 30, lakini kitabu cha trekta yako ndicho kitoacho hukumu. Uchezaji ukizidi mno, fupisha fimbo kidogo kidogo na ujaribu tena. Usiumalize wote, kwani klachi itateleza na kuungua.

Kelele ikija katika gia moja tu, na nyingine zote ni kimya, basi meno ya gia ile yamelika au yamevunjika. Ikija katika gia zote, na kuongezeka kwa kadiri trekta inavyokwenda mbio hata injini ikiwa imepunguzwa, tazama nyuma, kwenye difu na gia za mwisho za magurudumu. Ikija wakati wa kukata kona peke yake, gia ndogo za ndani ya difu ndizo za kutazamwa, kwa maana trekta ikienda moja kwa moja gia hizo hazisuguani hata kidogo.

Hapa wenye trekta za kuvuta kwa magurudumu manne wanahitaji onyo lao. Magurudumu ya mbele hufanywa yavute kwa mwendo ulio mbele kidogo ya yale ya nyuma. Shambani haidhuru, kwa kuwa udongo hukubali tairi iteleze. Lakini mtu akitoka Kikuyu mpaka Kangemi juu ya lami na mvuto wa mbele umefungwa, tairi hazina pa kuteleza. Shafti hujipinda na gia hulia. Ufungue mvuto wa mbele uwapo barabarani. Ukinunua tairi, nunua za kipimo kile kile cha kiwandani, mbele na nyuma.

Trekta zenye pedali ya haidroli badala ya gia za kawaida mara nyingi huguna au kulia kama mluzi kabla hazijasaga. Katika hizo, tazama mafuta na chujio kwanza.

Na mafuta ndiyo shahidi asiyehongwa. Endesha trekta mpaka ipate moto kidogo, ukinge beseni safi, ufungue bolti ya chini. Ute mwembamba wa kijivu juu ya sumaku ya bolti ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno ya gia au beringi iliyopasuka, usiiwashe tena. Chembe za rangi ya dhahabu ni bushi au washa za shaba. Mafuta meupe kama maziwa yameingiwa na maji, na katika udongo mwekundu wa Kabete maji hayo mara nyingi hupita penye mpira uliochanika chini ya mkono wa gia. Usijaze mafuta ya injini kwa kuwa ni rahisi. Katika trekta nyingi mafuta yale yale hulainisha gia, huinua plau na hupoza breki za ndani, hivyo nunua yaliyofanywa kwa kazi hizo tatu.

Ukitaka kuhakikisha difu, zima injini, uzibe magurudumu ya mbele kwa magogo, uinue nyuma kwa jeki, kisha uweke stendi imara chini ya eksili. Jeki peke yake imeua watu. Ukiwa katika gia huru, zungusha gurudumu kwa mkono na uhisi kama linakwama au kukwaruza. Kamwe usifanye jaribio hili injini ikinguruma: mvuto wa mbele ukiwa umefungwa, trekta itaruka kutoka juu ya stendi.

Ikibainika ni beringi, nenda Kirinyaga Road mjini Nairobi, ambayo zamani iliitwa Grogan Road, ukiwa umeichukua ile ya zamani mkononi. Trekta nyingi zilizotumika Japani huja na maandishi ya Kijapani ambayo mwenye duka hawezi kuyasoma, lakini namba ya beringi ni ya dunia nzima. Ikiandikwa 6205, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5, upate tundu la milimita 25. Upana wa nje ni milimita 52 na unene ni 15. Ikiwa imeongezwa C3, maana yake nafasi kati ya gololi na pete zake ni kubwa kuliko kawaida, na muuzaji akikupa isiyo na alama hiyo, mrudishie. Ipime kwa kalipa dukani, uizungushe karibu na sikio, na utazame kama maandishi yamechongwa vizuri au yamepigwa ovyo, kwa sababu beringi bandia huuzwa katika maboksi mazuri sana.

Baada ya saa chache za kazi na beringi mpya, fungua tena bolti ya chini na uitazame sumaku.