Dago, Kaskazi na Kusi: Msamiati wa Msimu katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Utangulizi

Methali isemayo "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" hufundishwa mara nyingi darasani, na mwanafunzi huifafanua bila taabu: atangaye sana, mwisho hurejea kwao. Ni wachache wanaouliza tezi ni nini, omo ni wapi, na kwa nini marejeo yawe ngamani. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni sehemu ya chini ndani ya chombo ambamo maji hukusanyika na hulazimu kufumwa kila mara. Baharia hata akienda nyuma na mbele, kazi humrudisha palepale. Asiyejua chombo hubaki na maana ya methali bila picha yake.

Makala hii inachunguza msamiati unaotumiwa katika safari za dago kwenye pwani ya Kwale, kuanzia Diani na Gazi hadi Msambweni, Shimoni na Vanga. Hoja yake ni kwamba maneno haya si mapambo ya lugha. Ni chombo cha kuamua lini kutoka na lini kubaki ufuoni, na akosaye neno huweza kukosa uamuzi.

Dago na lengo la msimu

Dago, ambalo wengine huliita ago, ni kambi ya muda ya wavuvi waliohama kwao kufuata samaki. Wavuvi kutoka Pemba wamekuwa wakivuka mpaka wa bahari kila mwaka na kupiga kambi katika vijiji vya pwani ya Kenya, vikiwemo vya Kwale. Huja msimu wa kaskazi, wakakaa wiki au miezi, kisha wakarejea makwao. "Kwenda dago" basi si kwenda kuvua kwa siku moja. Ni kujifunga kwa msimu mzima, huku mvuvi akikusudia kurudi na akiba ya kumalizia nyumba, kulipa deni au kununua chombo chake mwenyewe.

Kwa kuwa lengo ni la msimu, hesabu yake haikamiliki kwa siku moja njema wala haivunjiki kwa siku moja mbaya. Hatari iko hapo hapo. Mwenye haja ya kutimiza lengo hushawishika kutoka siku ambayo bahari haimruhusu. Duniani kote waendao mahali pa hatari kwa msimu hukabiliwa na kishawishi hicho. Wapandao milima ya Alps kwa ski wakati wa theluji husoma kipimo cha ngazi 5 cha hatari ya maporomoko, kilichokubaliwa Ulaya mwaka 1993. Mvuvi wa Kwale, kabla ya utabiri wa redio na simu, alikuwa na kipimo chake: majina ya pepo na maji.

Pepo na mgawanyo wa mwaka

Pepo mbili kuu hugawa mwaka. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini, takriban Aprili hadi Oktoba. Mofolojia inathibitisha uzito wa pepo hizi. Majina ya pande za dunia, kaskazini na kusini, yametokana nazo kwa kuongezwa kiambishi cha mahali -ni. Mashariki na magharibi, kwa upande mwingine, ni maneno ya asili ya Kiarabu yanayohusu kuchomoza na kuchwa kwa jua. Mswahili alipata pande mbili kutokana na jua na pande mbili kutokana na tanga.

Kati ya pepo hizo kuna vipindi vya mpito. Maleleji ni wakati pepo zinapobadilika na kutotabirika. Matlai ni upepo wa upande wa mashariki, na jina lake linatokana na Kiarabu kwa maana ya mahali jua linapochomoza. Demani ni kipindi kusi linapolegea kabla ya kaskazi kushika. Neno hilohilo demani ni kamba ya tanga, na pia upande wa chombo usiopigwa na upepo, kinyume cha goshini. Kamusi huorodhesha maana hizi mojamoja, lakini kwa baharia zinakaribiana: zote zinagusa upepo uliopungua nguvu au nafasi iliyo salama nao.

Chini ya mgawanyo huu kulikuwa na kalenda ya jua iliyoanzia Nairuzi, neno la asili ya Kiajemi. Siku zilihesabiwa kwa miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi. Mwezi mwandamo huzunguka misimu yote, hivyo haufai kutabiri pepo. Ndiyo sababu mabaharia Waislamu walihifadhi hesabu ya jua kwa ajili ya bahari, na ya mwezi kwa ajili ya ibada.

Lugha ya uamuzi

Mwezi nao una kazi yake baharini, nayo ni kupima maji. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa na kupwa sana. Katika pwani hii tofauti huweza kukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hupungua. Mvuvi wa Diani anayepita mlango, yaani mwanya katika mwamba, hana budi kujua yote mawili. Upepo humwambia kama nje ya mwamba kunaendeka, na maji humwambia saa ya kutoka na saa ya kurudi.

Kwa hiyo kauli fupi kama "kusi limeshika" ina maana pana kuliko habari ya hali ya hewa. Inamaanisha: nje kumechafuka, tuvue ndani ya mwamba, na mwenye dago afikirie kufungasha. "Kaskazi limetulia" huwa ruhusa ya kwenda mbali. Wanapragmatiki wangeziita tendo-uneni: umbo ni la taarifa, kazi ni ya agizo.

Msamiati wa kuishi pamoja

Dago huwakutanisha wageni na wenyeji, na hapo lugha hupimwa kwa namna nyingine. Pwani hii ina Wadigo, Wavumba, Washirazi na wengineo, na kila jamii ina namna yake ya kutaja zana. Mtego uliosukwa huitwa lema na wavuvi wa Kenya, ilhali Zanzibar huitwa dema. Ni zana kongwe: Periplus, maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1, inataja vikapu vya kutegea katika kisiwa kimoja cha pwani ya Afrika Mashariki.

Tofauti ya jina la mtego haijapata kuleta ugomvi. Aina ya zana imeleta. Juya lilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001 kwa kuwa hukomba samaki wachanga na kuharibu makazi yao, na nyavu kubwa za kuzungushia zilizokuja na wahamiaji zimezua malalamiko kutoka kwa wenyeji wenye mishipi na malema. Tangu kanuni za mwaka 2007, Vikundi vya Usimamizi wa Ufuo, maarufu kama BMU, vimepewa nafasi rasmi katika kusimamia fuo. Hivyo, kando ya msamiati wa kale wa mgeni, mwenyeji na nahodha, umekaa msamiati mpya wa leseni, usajili na kanuni. Mvuvi wa leo hana budi kuumudu wote.

Hitimisho

Mashine na simu zimepunguza haja ya kuyataja mengi ya maneno haya, na neno lisilohitajika kazini halidumu kwa kuandikwa kamusini pekee. Inapendekezwa basi kwamba mwanafunzi anayekusanya istilahi huko Gazi, Msambweni au Vanga asitosheke na kuuliza "hili laitwaje?" Aulize pia: lilisemwa lini, na nani, na baada ya kusemwa watu walifanya nini? Kwa njia hiyo atarekodi neno pamoja na uamuzi uliobebwa nalo, na methali ya tezi na omo itapata tena chombo chake.