Kuwasaidia Wanaojitolea Kusafisha Mitaa

Katika mitaa mingi hupatikana mahali pasipo na mwenyewe: uwanja ulioachwa, ukingo wa mto, mfereji ulioziba, au kona iliyogeuka kuwa jaa. Jumamosi moja vijana hukusanyika, hufyeka majani na kuzoa takataka, na ifikapo adhuhuri wapita njia hushangaa kuiona ardhi waliyokwisha kuisahau. Lakini baada ya mwezi mmoja mahali pale huwa kama zamani, na vijana wakiitwa mara ya pili hawaji. Husemwa kwamba wamekuwa wavivu. Mara nyingi sivyo: walitoa jasho lao, wakakosa msaada wa kuilinda kazi yao.

Hasara ya kupaacha mahali pa namna hiyo si ya macho tu. Makopo na matairi makuukuu hushika maji ya mvua, na katika maji hayo mbu huzaana. Yai huweza kuwa mbu mzima katika muda wa siku 10 hivi. Mbu wa namna hii ndio waenezao homa ya dengue, ambayo iliwapata watu wengi wa Mombasa mwaka 2013. Kwa hiyo, kusafisha mara moja kwa mwaka hakutoshi.

Msaada unaohitajiwa ni wa namna nne.

Kwanza, matayarisho. Mfano mzuri watoka Estonia, nchi ndogo ya Ulaya yenye watu wapatao milioni 1.3. Tarehe 3 Mei, 2008, watu kama 50,000 walijitolea, na kwa siku moja wakaondoa tani zipatazo 10,000 za takataka zilizotupwa ovyo misituni na kando ya barabara. Siri yao ilikuwa kwamba kazi ilianza mapema: wenzao walikuwa wamekwisha kuzunguka nchi na kutia katika ramani majaa zaidi ya 10,000, hata kila kundi likajua liendako. Katika mtaa mmoja ramani yaweza kuchorwa kwenye karatasi. Yafaa pia kumwuliza mwenye ardhi, na kuzungumza na wachuuzi na waokota chupa wanaopata riziki yao hapo, ili kazi njema isianze kwa ugomvi.

Pili, vyombo. Mikono mitupu katika jaa hukutana na vigae vya chupa, misumari na sindano, na jeraha dogo laweza kuleta pepopunda. Wanaojitolea wapewe glavu, viatu vigumu, reki, sepetu na mikokoteni, pamoja na maji ya kunywa na sabuni ya kunawia. Mwenye duka asiyeweza kuja kufyeka aweza kutoa reki mbili. Na shule yaweza kutoa chumba cha kuwekea vyombo.

Tatu, njia ya kuondoa takataka. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Vijana hukusanya chungu kubwa kando ya barabara, lori lisije, na mvua ikairudisha mferejini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka kazi ya kuondoa takataka mikononi mwa serikali za kaunti. Basi siku ya kazi isitangazwe kabla ya ofisi ya kaunti kuandikiwa na kukubali siku na saa ya kuleta lori. Lori moja lililokuja kwa wakati hutia moyo kuliko hotuba kumi.

Nne, ulinzi wa baadaye. Msitu wa Karura, kaskazini ya jiji la Nairobi, wafundisha jambo hili. Una hekta zaidi ya 1,000. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti humo kupinga ardhi ya msitu kugawiwa watu binafsi. Msitu uliokolewa, lakini watu waliendelea kuuogopa kwa sababu ya wanyang'anyi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwaruhusu raia kuunda vyama na kushirikiana na Serikali katika utunzaji wa misitu. Chama cha marafiki wa Karura kikaundwa, ua wa umeme ukajengwa, na baadhi ya wakazi wa kijiji jirani cha Huruma wakaajiriwa kuwa walinzi. Pale palipokuwa maficho ya wezi, jamaa na watoto wao wakaja kutembea.

Mtaa hauhitaji ua wa umeme. Wahitaji kamati ndogo, zamu ya kila juma, na daftari la fedha linalosomwa mbele ya watu wote. Tena mahali paliposafishwa pasiachwe patupu: pakipandwa miti, pakiwekwa mabao ya kukalia au milingoti ya mpira, watumiaji wenyewe watamzuia mtu ajaye usiku na gunia lake la takataka.

Wahenga walisema, asiyeziba ufa hujenga ukuta. Atakaye kuwasaidia wanaojitolea, asiwaulize tu watafanya kazi lini. Awaulize lori litakuja saa ngapi, na nani atashika ufagio juma lijalo.