SULUHU NA HAKI YA MFUNGWA

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Wapenzi wanafunzi na wazazi, katika fiqhi tumesoma kuwa suluhu ni mapatano yanayokata ugomvi baina ya watu. Leo tuitazame kwa kisa cha wafungwa wa Marekani walioishitaki serikali.

Kisa chenyewe
Mwezi wa Septemba 1971, wafungwa wapatao 1,300 wa gereza la Attica, jimbo la New York, waliasi na kuwashika mateka askari magereza na watumishi wengine. Walidai matibabu, chakula bora na uhuru wa kuabudu. Wafungwa Waislamu ndio waliowazunguka mateka wale ili wasidhuriwe. Tarehe 13 askari wa serikali waliingia kwa risasi, wakaua wafungwa 29 na mateka 10. Wafungwa waliobaki, hali wamekwisha kusalimu amri, walivuliwa nguo na kupigwa.

Mwaka 1974 wafungwa walifungua kesi ya madai. Ilichukua zaidi ya miaka 25. Mwaka 1997 baraza la mahakama lilimpa Frank Smith, mmoja wa walioteswa, fidia ya dola milioni 4. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikaitengua. Wenzake wengi walikwisha kufa. Mwishowe pande mbili zilizungumza, na Januari 2000 zikapatana: wafungwa walipwe dola milioni 8, na mawakili wao milioni 4. Jaji Michael Telesca aliwasikiliza walionusurika, kisha akagawa fidia kuanzia dola 6,500 hadi 125,000 kwa mtu. Smith alipata 125,000. Lakini serikali haikukiri kosa.

Fiqhi inasemaje?
Wanazuoni wametaja suluhu za namna mbili:
1. Suluhu pamoja na kukiri (iqrari). Mdaiwa anakubali dai, kisha wanapatana. Hii inajuzu kwa wote.
2. Suluhu pamoja na kukana (inkari). Mdaiwa anakana, lakini anatoa kitu ili kesi iishe. Kwa Imamu Shafii haisihi. Maimamu Abu Hanifa, Malik na Ahmad wameijuzisha.

Suluhu ya Attica inafanana na ya pili. Je, wafungwa walikosea kuikubali? Sisi hatuoni hivyo. Umri ulikuwa unawaishia, na mwenye kudhulumiwa akipokea sehemu ya haki yake hakuiuza haki. Lawama iko kwa anayekana huku anajua. Wanazuoni wa Kihanbali, ingawa wameijuzisha suluhu hii, wamesema kuwa mwenye kukana kwa uongo hasafiki kwayo mbele ya Allah. Fedha imefunga faili la mahakamani; deni la Akhera lingali pale pale.

Mafunzo
- Mfungwa ana haki hata kama ana hatia. Suratul Insan, aya ya 8, imewasifu wanaomlisha mateka.
- Tukimdhulumu mtu, tukiri na tumlipe mapema, kabla hajafa na haki yake.
- Tunapopatanisha watu, nyumbani au mtaani, tusiridhike na malipo tu. Tumhimize mkosa aseme, "Nimekosa."

Maswali
1. Eleza tofauti ya suluhu ya iqrari na ya inkari.
2. Aliyelipa fidia bila kukiri amebakiwa na deni gani?

Wabillahi tawfiq.